Nani Alimwosha Mama

Jinja, 3 Juni 2024

Kaka yangu Mubaraka,

Asalaam aleikum. Hamjambo hapo Namatala, Mbale? Mkeo Kagoya na watoto wazima? Mimi namshukuru Mungu, ingawa mguu bado. Lile jeraha la bati limeingiwa na vijidudu, na daktari anasema tukizembea vitafika mfupani. Nimelazwa, natundikiwa dripu asubuhi na jioni, na nimekatazwa kutoka kabla dawa hazijaisha. Proscovia, jirani yangu wa Nalufenya, ndiye anayeniuguza. Ananipikia, ananifulia, ananikogesha kama mtoto. Simu yangu imeibwa humu wodini, na Mama kwenye simu hasikii vizuri, basi naandika umsomee.

Kifua chake kinaendeleaje? Unajua nilivyomwahidi: siku yake ikifika nitamwosha mimi, hataki mikono ya watu. Akibadilika hata kidogo, nijulishe. Nitakuja hata na sindano mkononi. Uliniapia, kaka.

Dada yako,
Nuriat

Mbale, 14 Juni 2024

Dada Nuriat,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, pole na mguu. Barua yako kondakta wa basi aliifikisha salama. Nimemsomea Mama, akacheka sana hapo pa kukogeshwa kama mtoto. Uji anakunywa, usingizi anapata. Anasema maliza dawa zako, usiwe na haraka. Wewe tulia tu.

Kaka yako,
Mubaraka

Jinja, 23 Juni 2024

Mubaraka,

Asalaam aleikum. Afya yako leo siulizi.

Siraje, yule muuza vitenge wa soko la Mbale, alikuja kumwona shangazi yake kitanda cha pili. Kuniona tu akanishika mkono. "Nuriat, bambi, maskini! Pole sana kwa Mama. Siku ya kuzika tulikutafuta, wewe hukuonekana." Nikacheka, nikamwambia amekosea mtu. Akamtazama Proscovia, na Proscovia akainamisha kichwa.

Kumbe alijua! Amekiri kwamba ulipompigia simu alitoka nje, akarudi akaniambia ni mteja wake wa mkaa. Jioni ile ile akanisugua mgongo huku anajua Mama yuko udongoni. Sasa chakula chake nakirudisha kama kilivyo.

Siraje anasema mlizika Ijumaa, tarehe saba. Barua yako ni ya tarehe kumi na nne. Ulimsomea nani, Mubaraka? Nani alicheka? Anasema pia Mama aliniita mpaka sauti ikaisha, na wewe ukamwambia niko njiani. Ulitudanganya sote wawili. Nimelia mpaka nesi akaja kuniuliza kama ni mguu.

Nani alimwosha? Nijibu hilo tu.

Nuriat

Mbale, 26 Juni 2024

Dada yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Naandika nachana, naandika nachana.

Kagoya ndiye aliyemwosha, pamoja na wanawake wa msikitini. Maji yalikuwa ya vuguvugu, kama alivyopenda. Nilimpigia Proscovia nikitaka kukuita, akasema daktari ameonya kwamba ukikatisha dawa mguu utakatwa. Nikamwomba asikuambie. Usimchukie yeye. Unajua sisi Waislamu maiti hatumlazi. Nilisema nimzike mmoja, nisimharibu mwingine. Na Mama ningemwambiaje kwamba huji? Ila hapo pa kucheka sina la kujitetea. Niliona barua yako imejaa Mama, nikaogopa.

Niambie siku utakayotoka, nije kukuchukua.

Kaka yako,
Mubaraka

Mbale, 30 Julai 2024

Dada Nuriat,

Asalaam aleikum. Sijui kama barua zangu mbili za mwezi huu ulizipata.

Jana Eseza, jirani yetu muuza mandazi, alikuja kuniambia amekuona makaburini na fimbo, umekaa chini tangu asubuhi. Alikukaribisha uje kwetu unywe chai, ukamjibu kwamba hapa Mbale huna mtu. Nilitoka mbio bila viatu. Makaburini hukuwepo, na stendi nikaambiwa basi la Jinja limeshaondoka.

Eseza anasema mguu unaukanyagia vizuri. Nilishukuru, dada, usikasirike, nilishukuru kweli. Lakini tangu jana Kagoya ananiwekea chakula nakiacha. Mama hayupo, na tuliobaki ni mimi na wewe. Nitukane, niite jina lolote unalotaka, ila niandikie.

Kaka yako,
Mubaraka