Siku ya Kumshika Imali

Jumanne, jioni. Mvua imenyesha, ikakatika, na sasa inanyesha tena. Mkono wangu wa kulia unauma hata kushika kalamu.

Nilidhani likizo ni kupumzika. Lakini Mama alisema msichana anayesomeshwa hawezi kukaa bure wakati akina mama wa Khayega wanapalilia mahindi. Basi kila asubuhi nakwenda kumsaidia Mwalimu Perisi katika shule ya watoto wadogo, ile ambayo akina mama hao waliijenga kwa Harambee baada ya Uhuru. Watoto huimba, huruka, hunywa uji, hulia. Sikujua kilio cha watoto kinachosha kuliko jembe.

Anayenichosha zaidi ni Imali. Ana miaka minne. Wazazi wake wamepata shamba Lugari, kwenye ardhi iliyokuwa ya Mzungu, wakamwacha kwa bibi yake mpaka nyumba isimame. Tangu hapo haongei.

Anauma.

Leo Mama Shisia alifika akimvuta mwanawe Shisia, alama za meno ya jana zikiwa bado nyekundu begani.

"Mwalimu, huyu Imali anaumanga kama mbwa! Akiuma tena leo, mimi natoa wangu, na wenzangu watatoa wao."

"Niachie leo tu, mama," Mwalimu Perisi akasema. Kisha akanigeukia. "Roselida, usimwache peke yake."

Mimi nikaelewa nimshike. Nilimshika kifundo cha mkono asubuhi nzima, kwenye wimbo, kwenye uji, hata njiani kwenda chooni. Alivuta, nami nikavuta.

Mvua ilipokatika, watoto walikimbilia kichuguu nyuma ya shule kuwapigia kumbikumbi watoke. Hapa kwetu kila mtoto anajua: unagonga kijiti juu ya kijiti, taratibu, sawasawa, mpaka kumbikumbi wadhani ni mvua. Lakini leo kila mmoja aligonga kivyake. Zikawa kelele tu.

"Imali asikuje, atauma kichuguu!" mmoja akasema, na wote wakacheka.

Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Nikamwachia.

Alikaa chini, akaokota vijiti viwili, akaanza. Ta-ta, ta-ta, kama matone kwenye majani ya migomba. Nadhani bibi yake ndiye aliyemfundisha. Aliyekuwa karibu akamfuata, kisha mwingine, mpaka wote wakagonga pamoja.

Kumbikumbi wakatoka.

Imali akamnyonyoa mmoja mabawa, akamlisha Shisia kwa mkono wake. Shisia, kwa uroho, akamuuma kidole.

Nikajua sasa naye atauma.

Imali alikitazama kidole chake muda mrefu. Alimtazama Shisia. Kisha akachukua kumbikumbi mwingine.

"Fungua," akasema. "Usiume."

Mama Shisia alipokuja kumchukua mwanawe alimkuta na mabawa kidevuni.

"Nani amekulisha?"

"Imali."

Mama Shisia akamfuta kidevu kwa ncha ya leso. "Haya. Kesho nitamleta. Lakini naangalia."

Nimechoka, na kesho ni zamu yangu kukoroga uji. Imali akifika mlangoni, sitamshika. Nitanyoosha mkono tu na kungoja.

Je, nitaweza kungoja, hata akikawia kuushika?