Wimbo wa Mgongo wa Ndunge

Tawa,
Aprili 27

Kwa Ndunge, mama Mbithi, huko Kambu.

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii inakukuta umeketi na si umelala, na kwamba lile jicho ulilotolewa mtoto wa jicho limepona. Ulisema daktari amekupa dawa ya matone. Weka hayo matone, wacha kichwa ngumu. Mbithi na bibi yake wako aje? Wale watoto wao wameanza kukuchotea maji ama bado wanashinda na simu? Sisi huku tuko. Mvua ilikuja siku nne ikaenda zake. Ndengu za upande wa mto zimetoka vizuri, za huku juu zimechomeka. Goti langu ni lile lile, sililii.

Utashangaa kwa nini naandika na simu iko. Simu yako inashikwa na kila mtu, na mkwe wako huiweka sauti ya juu nyumba nzima isikie. Haya ni ya macho yako wewe. Yakikusumbua, soma kidogo kidogo, lakini usimpe mtu akusomee. Na usicheke mwandiko wangu. Ngumbaru nilienda miaka miwili tu, na mwalimu mwenyewe alikuwa anasinzia.

Si unamjua Nyamai, mtoto wa Mulei wangu, yule niliyemlea? Siku hizi ni mwalimu wa muziki. Ndiyo, muziki, mtu anaamka asubuhi anaenda kazini kuimba. Likizo hii aliwaita walimu wenzake wa muziki, kumi na wanane, wa kutoka Kitui na Makueni, wakae siku tatu kwa shule ya hapa kwetu wakifundishana na kutafuta wimbo wa kupeleka mashindano. Sisi kina mama wa kanisa tukaitwa kupika. Ndunge, sijaona watu waliosoma wakila vibaya hivyo. Nilipika muthokoi wa mahindi ya kukoboa na mbaazi, na mmoja akaanza kutoa mbaazi moja moja akiziweka kando ya sahani kama mtu anayetoa chawa. Mwingine aliupiga muthokoi picha mpaka ukapoa, halafu akauacha. Nilisikia kinyaa. Nikafunika sufuria kwa kishindo ili wajue.

Siku ya pili, alasiri, mkubwa wao alisema kila mmoja alete muziki anaoupenda kuliko mwingine wote, wenzake wausikie, na aeleze una maana gani kwake. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, kwa hivyo sikukosa kitu. Madamu Nthiwa wa Kitui mjini ndiye alianza. Akafungulia spika kitu hakina maneno, ni nyuzi zinakwaruzwa tu, kama mlango wa choo ambao haujatiwa mafuta. Na akalia! Mtu mzima na wanja wake, kamasi hadi mdomoni. Akasema baba yake alikuwa na kanda moja tu nyumbani, hiyo, na ndiyo aliyokuwa akisikiza mwaka ule mama yao aliwatoroka. Sawa, nilimhurumia kidogo. Lakini si angepangusa kamasi kwanza ndipo aeleze.

Akafuata bwana mmoja na wimbo wa kitabu cha kanisa, ule tunaoimbia mazishi. Ameutia ngoma za disko na anatingisha matako, mbele ya watu waliozika wazazi wao na wimbo huo huo. Alipoulizwa una maana gani kwake akasema ulimpatia namba moja kwa mashindano. Namba moja! Nilimmiminia chai nusu kikombe na nusu nyingine kwa sahani. Akadhani ni uzee unatetemesha mkono.

Mmoja tu ndiye hakunichefua, kijana wa Emali anaitwa Abdiladif, watu wao ni wa ngamia. Aliimba bila mashine, wimbo wa kunywesha ngamia kisimani. Akasema mwenye wimbo ni shangazi yake, bado yuko hai, na kabla ya kuja alimpigia simu kumuomba ruhusa. Shangazi akamwambia aimbe wote isipokuwa ubeti wa mwisho, huo ni wake na marehemu mume wake. Kwa hivyo alipofika hapo akanyamaza. Wenzake wakambembeleza, wakamtania kwamba shangazi hayuko hapa, atasikilia wapi. Akawajibu kwamba yeye mwenyewe yuko hapa, na anatosha. Nilimwongezea chai bila kuombwa.

Ningeenda nyumbani saa hiyo ningekuwa mtu mwenye bahati. Maana zamu ya Nyamai ndiyo ilifuata.

Aliwaita wasichana ishirini wa shule waingie, kila mmoja na kijembe cha karatasi ngumu kilichopakwa rangi ya bati. Akasema wimbo wake ndio wa kwanza aliousikia maishani, kwamba mama yake alipomwacha akaenda kazi Nairobi, hakuna kitu kingine kilichokuwa kikimnyamazisha ila susu wake, yaani mimi nyanya yake, nikiuimba huku napepeta ndengu. Akasema ni wimbo wa mwethya, wa siku zile wanawake walikuwa wanachimbiana mitaro ya shamba zamu kwa zamu, kwa furaha, mmoja akichoka wengine wanamchekesha. Kwa furaha! Akainua mkono, na wasichana wakaanza. Siwezi kukuandikia maneno yale kwa Kikamba, mkono unakataa. Nayaweka hivi:

Ndunge akiona jembe, mgongo unaamka.
Ndunge akiona sufuria, mgongo unalala.
Na tumbo lake limejaa nini? Limejaa upepo.

Ndiyo, ni ule. Jina lako liko ndani vile vile, halijaguswa. Na wasichana ishirini wote wakashika mgongo kwa mkono mmoja, wakasukuma tumbo mbele, wakatembea wakiyumba kama bata. Walimu walicheka mpaka wengine wakatoka kwa viti. Madamu Nthiwa, yule wa kamasi, alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa. Mwingine akauliza huyu Ndunge ni nani. Nyamai akasema si mtu, ni jina tu la kuimbia, mwanamke mvivu wa hadithi za zamani. Halafu mkubwa wao akasema hakuna haja ya kutafuta zaidi, huo ndio wimbo utakaoenda mashindano ya kaunti, na ukipita uende ya taifa, na redio zitaucheza. Nikaona huko Kambu, kila kibanda kina redio, na wewe umeketi hapo sokoni unauza ndizi zako.

Sasa nikuambie jambo hulijui. Keti vizuri.

Tangu mwaka ule wa sabini na saba unasema Kavindu ndiye alikutungia wimbo. Kavindu alikuwa na sauti, yeye ndiye alikuwa akitangulia na sisi tunaitikia majembe yakishuka, kwa hivyo kila mtu aliamini maneno ni yake. Ulimchukia mpaka ukatuhama. Mwaka jana alipokufa nilikupigia uje tumzike, ukaniambia huwezi kumwagia mchanga mtu aliyekuulia mtoto. Nami nikasema pole, nikakata simu.

Maneno ni yangu, Ndunge. Niliyatunga tukipanda kile kilima kwenda kuchimba shamba la mzee Mwangangi, nikayatia kwa sikio la Kavindu kwa sababu sauti yangu ilikuwa mbaya. Kavindu hakujua una mimba. Hakuna aliyejua, maana mbili za kwanza zilikuwa zimetoka na uliogopa kutangaza. Uliniambia mimi peke yangu, tukiteka maji, ukanishika mkono huku unacheka. Nilijua tumbo lako halikuwa na upepo. Nilijua, na nikatunga.

Kama unataka kujua kwa nini, sina sababu nzuri ya kukupa. Mwaka uliotangulia nilichimba mitaro na Mulei tumboni, miezi saba, na hakuna mtu aliniambia keti. Sasa wewe ulikuwa umeketi kivulini, na kile kipande chako nyapara akanipa mimi nimalizie. Ilikuwa hiyo tu. Wanawake walipocheka nilijiona mkubwa. Siku ya tatu ukainuka bila kusema neno, ukachukua jembe, ukachimba mtaro mrefu kutushinda sisi wote, na sisi tulikuwa bado tunaimba. Kesho yake asubuhi mtoto akatoka. Mimi ndiye nilifua zile nguo. Ulilaza kichwa hapa kwa mapaja yangu ukamlaani Kavindu, na mimi nilikuwa nakupangusa uso nikisema ndiyo, ndiyo, ni Kavindu.

Na haijaisha. Pale shuleni Nyamai alininyooshea kidole mlangoni akawaambia mwenye wimbo ndiye huyu, susu wangu. Walimu wote wakasimama wakanipigia makofi. Wakanivuta katikati niwaonyeshe wasichana mgongo ulishikwa vipi zamani, ati wao hawajapata vizuri. Ningekataa, nani angenilazimisha? Niliweka birika chini, nikashika mgongo, nikatembea vile ulikuwa ukitembea. Miaka sabini na nimeokoka. Wakashangilia. Nilipofika jikoni nilitapika nyuma ya kuni, na sikuwa nimekula kitu kibaya. Ni mimi mwenyewe nilijichefua.

Kesho yake, kabla ya uji, nilimwita Nyamai nikamweleza yote hivi nimekueleza. Aliweka kijiko chini. Halafu, Ndunge, akaniambia pole susu, lakini sasa wimbo umepata historia, majaji wakielezwa hiyo historia utakuwa na nguvu zaidi, tutoe tu jina tuweke lingine. Nilimtazama yule mtoto niliyemlea nikaona mimi mwenyewe niko kwa kile kilima, natafuta neno la kuchekesha watu. Nikaenda darasani, nikabeba vijembe vyote ishirini, nikavitia motoni chini ya sufuria ya uji. Walimu wakatoka kuuliza moshi huo ni wa nini. Basi nikawaambia na wao, wote kumi na wanane, kwa sauti ya kusikika barabarani. Hakuna aliyepiga makofi. Nyamai alienda akaketi nyuma ya tangi la maji, na alipotoka huko macho yalikuwa mekundu. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia wimbo si wake wala si wangu, nilikupatia wewe siku ile nilipotia jina lako ndani.

Kwa hivyo anakuja Kambu Jumamosi. Nimemkataza kukuletea sukari wala leso. Aje mikono mitupu, akueleze kwa mdomo wake alichofanya na wale wasichana, halafu akuulize kama wimbo huo uimbwe au ufe. Ukisema ufe, umekufa. Wasichana watatafutiwa mwingine, watalia siku moja wataacha. Usimwonee huruma kwa sababu ni damu yangu. Akianza habari ya historia na majaji, mfukuze, ukiweza na fimbo.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ni rahisi sana, na mimi nimekaa na mambo rahisi karibu miaka hamsini, nikila kwako, nikiombewa na wewe. Ninalokuomba si langu. Kavindu amelala nyuma ya nyumba yao, chini ya ile mitaro, na kaburi halijawekwa simiti. Mchanga wako haupo pale. Ukija Tawa siku moja, uende kwake kwanza. Ukitoka hapo ukashuka moja kwa moja stendi bila kupitia kwangu, nitakuona ukipita, na sitakuita.

Msalimie Mbithi na nyumba yake yote, na majirani wanaonijua. Watu wa hapa wanakusalimia, lakini wengi hawajui nimekuandikia. Mungu akulinde kuliko mimi nilivyokulinda.

Ni mimi niliyetunga,
Syokau, mama Mulei