Springi ya Sefti Uliyoichekecha Mchangani

Mpendwa Adeer Mohamud,

Hakuna mtu mwenye bahati kama mimi kuanzia Mwingi mpaka Mandera, na anayebisha aje tupimane. Hapa nyumbani nikiingia hotelini napishwa kiti. "Dereva, hebu tupe ile ya bastola," wanasema, nami nawapa: ilifyatuka ndani ya gari, kiunoni kwa inspekta, mimi niko kwenye usukani, risasi ikapita kati ya paja langu na kiti, ikatoboa suruali, nami nikabadilisha gia nikaendelea na safari. Chai nanunuliwa. Mandazi pia.

Juzi mchuuzi mmoja wa mbuzi aliyetoka Garissa alisema homa ya baada ya mafuriko imekuchukua. Inna lillahi. Mimi ni Mkristo wa kuchelewa ibada, unajua, lakini maneno hayo ulinifundisha wewe, na sina mengine yanayokutosha.

Unakumbuka chumba chako cha silaha pale kituo cha polisi Garissa? Dirisha la nondo, mchanga unaingia hata ukifunga, na wewe mkekani na miwani yako iliyoshikwa na uzi. Nilianza kukaa kwako siku ambazo gari halikuwa na mafuta. Nilikuita adeer, baba mdogo, kama walivyokuita wote, nawe ukaniita adeer vilevile. Nikadhani unanikejeli. "Kwetu Eldas mkubwa anarudisha jina," ukasema. "Nikikuita adeer, wewe tayari ni mtoto wa ndugu yangu." Mimi Mkamba! Nilicheka, lakini siku hiyo nilitembea kama aliyepandishwa cheo.

Bastola ya inspekta ilikuwa na sefti iliyolegea, kile kizuizi cha kuifanya isifyatuke. Ukiipandisha, inashuka yenyewe, na bastola iko tayari kuua bila kuulizwa. Tulingoja vipuri kutoka Nairobi mpaka tukasahau, ndipo vikaja kwenye bahasha: kiwiko kipya cha sefti, kijiti chake kama punje ya mchele, na springi nyembamba kama unywele. Moja tu. Na kesho yake tulikuwa na safari ya Wajir, mimi na inspekta. Yeye hukaa kushoto kwangu, bastola kiunoni upande wa kulia. Mdomo wake unatazama wapi? Paja langu.

Ukatoa risasi zote, ukazifungia kabatini, ukaifungua bastola juu ya sinia. Adhana ya adhuhuri ikalia.

"Linda," ukasema, ukitoka kwenda kuswali. "Usiguse."

Sasa mtu kama mimi, niliyefika darasa la sita nikaifufua jenereta ya padri, naambiwa nisiguse? Niligusa. Springi iliruka kama panzi. Nilipapasa mchangani mpaka kucha zikauma, sikuona kitu. Basi nikafungua kalamu yangu ya kubonyeza, nikatoa springi yake, nikaikata kwa koleo, nikaisukuma ndani. Ikaingia! Kiwiko kikalia tak, safi kabisa. Uliporudi nikakupokea kwa kifua mbele: "Adeer, nimekumalizia kazi."

Hukunigombeza. Uliipandisha sefti, ikasimama. Ukaifunga bastola tupu kwenye gunia, ukaja kuitundika ndani ya gari langu. "Ngamia mpya hapewi mtoto," ukasema. "Anabebeshwa maji kwanza, anatembezwa. Twende Modika turudi." Nikadhani uzee umekushika. Nilikuendesha kwenye yale makorongo kwa nguvu zote, nikionyesha ufundi, na gunia likigonga mlango.

Tuliporudi ulifungua gunia. Sefti ilikuwa imeshuka. Peke yake.

Ukaichomoa ile springi, ukaiweka kiganjani, ukaitazama, ukanitazama.

"Waryaa, wewe. Hii ilikuwa inaandika?"

"Kidogo tu, adeer."

"Sasa bastola itaandika nini? Barua kwa mama yako?"

Mpaka pale nilikuwa nimeona chuma tu. Sasa niliona paja langu, na mama yangu, na anayemsomea barua.

Kisha nikaona jambo ambalo sijaliona tena popote, na nimetembea, Adeer, nimefika Lafey na Hadado na Mombasa. Ulichukua chujio la chai. Ukapiga magoti pembeni kwenye ukuta, ukaanza kuchekecha mchanga wa chumba kizima, chujio baada ya chujio, bismillah kila mara, bila haraka, kama mtu anayetafuta mtoto wake. Jasho likikudondoka kwenye miwani. Nilisema, "Adeer, haipatikani." Ukasema, "Ipo. Haijatoka mlangoni." Na ilikuwepo! Ilibaki kwenye wavu wa chujio, ikimeta. Vidole vyako vile vinene vikairudisha mahali pake kwa mara moja. Nilibana pumzi kama niko kanisani.

Tukaenda Modika mara mbili tena. Sefti haikutikisika.

Inspekta akatukuta hapo akafoka: kazi ya asubuhi, kwa nini mpaka saa hizi? Nilifungua mdomo. Wewe ukasimama mbele yangu. "Ni mimi, afande. Niliangusha springi. Mzee, macho." Akakutukana mbele ya makonstebo, wewe fundi wa miaka yote ile, nawe ukainamisha kichwa tu, ndiyo afande, ndiyo afande. Alipoondoka ukanipa kalamu yako. "Hii iache nzima, adeer."

Kesho yake mpaka Wajir niliitazama ile sefti kuliko barabara. Matuta, mashimo, gari linaruka. Haikushuka. Siku hiyo wala nyingine.

Sikurudi kukushukuru. Nilihamishwa, nikajiambia nitapita. Nami kila nikiisimulia hadithi hotelini nilikutoa wewe ndani yake, nikaweka risasi, kwa sababu risasi inachekesha na mzee mwenye chujio hachekeshi. Leo nimeshindwa kumeza mandazi.

Lala salama, Adeer, katika mchanga ulioujua kuliko sote. Kesho nitawaambia hotelini, wacha wanicheke: bastola haikufyatuka kamwe, na sikuwa na bahati yoyote. Nilidanganya.

Adeer wako mdogo,
dereva.