Hewa katika Wino Mwekundu

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefungua duka saa mbili. Mtaa wetu wa Birere matope tupu. Nimechapa vyeti vinne vya ubatizo, kisha mashine ikaanza kuruka mistari. Kosa langu. Niliacha wino mwekundu ushuke chini ya alama ya chupa yake, mrija ukanyonya hewa. Kichwa cha mashine kinasukuma wino, kiputo cha hewa kinabonyea, kinaumeza ule msukumo, tone halitoki. Kitu kidogo kama yai la chawa.

Jumanne, 5 Novemba
Mama amenipa foto yake ya siku ya harusi ya kaka, ile aliyovaa kitambaa cha njano. Anataka niikuze sasa, aione, ndiyo iwe mbele ya jeneza lake. Dada yake mkubwa tulimzika na foto ya kadi ya uchaguzi, akaonekana kama mtu aliyekamatwa.
"Miye sitaki ile haya. Nataka nijionee mwenyewe."
Daktari alishatuambia ini limekwisha. Mama anaongea kama anaagiza viatu. Nimekasirika.
Nimejaribu kuichapa. Bila nyekundu, uso umetoka kijani, mistari myeupe machoni. Nimeichana.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimesafisha kichwa cha mashine mara sita. Ujinga. Nawakataza wenzangu, nafanya mwenyewe. Kila usafishaji unavuta hewa zaidi. Dawa ni kujaza wino na kuiacha itulie, wino uimeze hewa polepole. Haraka haraka haina baraka. Nimeijaza, nimeifunika. Mama ameuliza foto, nimemwambia mashine ina hewa. Ilikuwa kweli.

Jumapili, 10 Novemba
Mama hakwenda misa. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumatatu, 11 Novemba
Mrija safi. Karatasi ya majaribio imetoka bila kasoro. Nikafungua foto ya mama kwenye kompyuta, nikaitazama, nikaifunga. Nikiichapa, nimekubali.
Jioni akauliza, "Ile mashini yako ingali na hewa?"
"Ingali, mama."
"Pole, mutoto yangu."
Amenipa pole mimi.

Jumatano, 13 Novemba
Siku nzima nimechapa sura za watu wengine, nzuri zote. Nyumbani nimedanganya tena. Mama hali chakula tena, maji tu. Naona aibu, na bado naogopa. Kesho nitaichapa.

Alhamisi, 14 Novemba
Mama amekufa saa nne asubuhi. Nilikuwa dukani. Karatasi ilikuwa tayari kwenye mashine.

Jumamosi, 16 Novemba
Tumemzika. Foto niliichapa jana, dakika mbili tu. Njano ya kitambaa imetoka, wekundu wa midomo umetoka. Wote wameisifu.
Baada ya kutoka makaburini mama mdogo aliishika fremu mapajani.
"Alionaka hii foto?"
"Alionaka, mama mudogo."
"Akasema nini?"
"Alifurahi."
Akafuta macho, akamshukuru Mungu. Nikaenda uani kuosha sahani za wageni.