Chunusi za Kuchora

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana hapa nilipo nimejifungia stoo ya duka la vipodozi la shangazi yangu na uso unawaka moto, na kisa chenyewe ni kwamba shangazi alileta krimu ya kupaka kwenye chunusi akataka bango la "kabla" na "baada", na mimi sijawahi kuota hata kipele, basi tukazichora chunusi kwa wanja na rangi ya mdomo, nikapigwa picha, nikanawa, nikapigwa ya pili, bango likakaa dirishani na watu wakanunua, hadi majuzi nikaota chunusi ya kweli kidevuni, shangazi akasema, "We mtoto, utaniaibisha! Paka dawa!" nami huwa naiuza tu, sijui inavyopakwa, nikajipaka uso mzima asubuhi na jioni kama mafuta ya mgando, sasa ngozi imebabuka, mabaka yametokea palepale tulipochora, na shangazi badala ya kunihurumia anawaambia wateja, "Mnaona? Inatoa uchafu wote nje kwanza," na wanazidi kununua! Jana jirani yetu, bibi harusi mtarajiwa, alichukua kopo akaniuliza, "Dada, wewe ilikusaidia?" Nikiwa nimeficha mabaka kwa poda na mtandio, nikaitikia kwa kichwa. Harusi ni Jumamosi, na shangazi ndiye aliyenilea. Nifanyeje?

Sura ya Bango

Sura ya Bango,

Pole, mwanangu. Nilikuhurumia mpaka nilipofika kwa bibi harusi, hapo huruma ikakatika. Mchimba kisima huingia mwenyewe, sawa, lakini wewe unamvuta na jirani!

Dawa ya chunusi hupakwa kidogo kwa ncha ya kidole, juu ya chunusi yenyewe. Wewe umejipiga lipu kama ukuta. Iache leo hii. Nawa kwa maji na sabuni isiyo na manukato, usitumbue kitu, usifiche kwa poda, na uende zahanati na kopo mkononi wasome lina nini ndani.

Shangazi kukulea ni wema, ila hakukulea ili aje akukaange. Mwambie, "Shangazi, nakuheshimu, lakini bango linashuka," kisha lishushe kabla hajamaliza kufoka. Atanuna. Wenye maduka hununa, halafu wanatafuta kitu kingine cha kuuza.

Hayo yote yatangoja. Sasa hivi toka stoo, nenda kwa bibi harusi, bila mtandio, bila poda, ugonge mlango. Usijitungie hotuba njiani. Aliuliza kama ilikusaidia. Basi simama hapo mlangoni akutazame.