Betri Niliyotoa Lopitali

Walikale, Mei 1956

Kwako dada yangu Annonciata,

Nakusalimu, wewe na watoto, na ng'ombe wa Papa wetu pale Ngungu. Huku mvua haituachi, mihogo inaoza.

Uliuliza kazi yangu ya umeme kwa lopitali. Niliunga betri mbili pamoja, waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ili moja ikichoka, ingine iendelee kuwasha taa ya operasio. Juzi nilitoa moja, nikaipeleka kwa baba ya muchumba wangu asikilize radio. Nilitaka anione muntu mukubwa.

Siku ile ile mama mumoja, Libérata, aliletwa, mimba imekwama. Dokta alikuwa amekwisha kumupasua, betri iliyobaki ikachoka, taa ikazimika. Dokta akaita:

"Barthélemy, betri ingine iko wapi?"

Masera, mutawa wa lopitali, alishika toroshi kumulika mpaka wakamaliza kushona.

Mama iko muzima, mutoto pia. Bwana yake hakuambiwa kitu, akanishukuru kwa ajili ya taa. Leo wamebatiza mutoto jina langu. Walipotaka nimubebe, nilisema mikono yangu iko muchafu, nikatoka.

Mimi ndugu yako,
Barthélemy