Nyoka wa Mayai ya Mijusi

Lima, 6 Novemba 1994

Baba yangu,

Nakuamkia. Goti limetulia? Na kikohozi cha Mama? Mimi mzima, ila ukungu wa huku haunipi jua.

Mwalimu amenipa kazi ya kumchunguza yule nyoka mdogo mwekundu, kichwa cheusi, anayejificha chini ya majani. Ninyi mnamwita mauti na kumkata kila mnapomwona. Mnamwonea. Yeye hupekua majani usiku akitafuta mayai ya mijusi, huyameza mazima, basi. Mwambie kaka Rosendo aweke panga chini. Akimpata hai, aniwekee kwenye kopo, nakuja Krismasi.

Mwanao,
Nélida

Mto Las Piedras, 27 Novemba 1994

Binti yangu,

Barua imefika imelowa, lakini inasomeka. Goti ni lile lile. Mama yako anakohoa na kugomba kwa pumzi moja.

Kaka yako kacheka: "Kumbe dada kaenda chuo kusomea mayai ya mijusi." Lakini kakusikia. Juzi kamwacha mmoja apite, wenzake wakamtania ameoa nyoka. Mimi babu yangu alinifundisha kwamba chekundu kitambaacho, kata kwanza. Lakini sikubishii, wewe ndiye uliyesoma. Njoo, mama yako ameanza kunenepesha bata.

Baba yako

Lima, 3 Januari 1995

Baba,

Mwaka mpya uwakute na afya. Nisamehe kwa Krismasi, mtihani ulinibana. Mama amenuna?

Kuna jambo nililisahau, mwambie Rosendo mapema kabla hajaingia msituni kuokota njugu za kastanya. Nyoka wangu ni mwekundu mtupu kuanzia shingoni kwenda chini. Mwenye pete nyeusi mwilini ni mwingine, na huyo anaua. Asimguse hata kwa kijiti. Akiona kichwa tu, amwache, vichwa vyao vinafanana.

Mwanao,
Nélida

Mto Las Piedras, 12 Februari 1995

Nélida,

Mimi na mama yako wazima, tuliobaki.

Barua yako ya pete imefika leo. Rosendo tulimzika wiki iliyopita.

Alikuwa akikusanya kastanya, akaona kichwa cheusi kimetokeza kwenye majani. Mwenzake akamwambia, "Kata." Akajibu, "Huyu wa dada, hali mtu." Akamshika kwa mkono. Aliporudi kambini alikuwa akicheka bado, anasema kanyoka kamemgusa kidole tu, hata hapaumi. Jioni kope zikamlemea, tukadhani ni uchovu. Kisha ulimi ukawa mzito. Tulimpakia mashuani kwenda mjini kwenye dawa, nikamshika kichwa njia nzima. Pumzi ilikatika kabla hatujafika.

Maneno ya mwisho niliyoyaelewa ni kwamba nisikulaumu. Najaribu.

Mama yako anasema usije kwanza. Akisikia ndugu zako wa mjini wanaingia kulia, anauliza kama ni wewe, na wakisema hapana anashukuru.

Mwenzake Rosendo alimwua yule nyoka. Ametaka nikuletee, ukamsome. Nimemtupa mtoni.

Hermógenes